Kaskazi mgongoni: kuzuia boriti ya tanga isiruke

Wanaokuja kujifunza kuendesha mashua za tanga hapa Kilifi huniuliza kwanza habari ya kamba: kizuizi cha boriti (mti ulio chini ya tanga kuu) kifungwe wapi, kiwe na unene gani. Nitafika huko. Ila kamba huanza kazi pale usukani umeshakosea, kwa hiyo mimi huanzia kwenye usukani.

Chukua safari ya kurudi kutoka Lamu msimu wa kaskazi, kwenye mashua ya futi 28 au 30 yenye mlingoti mmoja, tanga la mbele, na tanga kuu lenye boriti chini yake. Ni kama maili 100 za bahari hadi Kilifi, uelekeo wa jumla ukiwa kusini-magharibi. Upepo unatoka kaskazini-mashariki, yaani unakukalia juu ya tezi, nyuma ya mashua. Alasiri huvutwa kidogo na mashariki. Asubuhi, karibu na nchi kavu, huegemea kaskazini. Umetoa boriti upande wa kulia, upande wa bara. Kwa upepo wa alasiri umetulia. Kunapokucha upepo uleule unahamia upande wenye boriti, wala wewe hujagusa usukani. Upepo ukiingia nyuma ya tanga kuu, boriti inaruka ghafla hadi upande wa pili.

Aliyekulia kwenye jahazi hana mazoea na boriti hii. Foromali, mti unaobeba tanga, iko juu, chini ya tanga hakuna mti, na nahodha akitaka kubadilisha upande huku upepo uko nyuma, mabaharia hulizungusha tanga mbele ya mlingoti kwa mikono yao, kila mtu akijua kinachofanyika. Kwenye mashua hizi za boriti, upepo wenyewe hufanya kazi hiyo kufumba na kufumbua, kwenye kimo cha kichwa cha mtu aliyesimama. Demani, kamba ya kuvutia na kuachia boriti, nayo hufagia sehemu ya nyuma ya mashua, na inaweza kumnasa mtu shingoni au kumtupa baharini.

Tena upepo wa nyuma unadanganya. Ukivuma noti 18 (maili za bahari kwa saa) nawe unakwenda noti 6, unachohisi ni noti 12. Msukumo wa upepo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi yake, kwa hiyo tanga linabeba chini ya nusu ya nguvu iliyopo kweli. Ndiyo maana watu hukaa raha mustarehe bila kupunguza tanga, mpaka mashua iteleze kwenye wimbi, izamishe omo, yaani sehemu yake ya mbele, mwendo ukatike, na mzigo uliobaki ufike kwa mkupuo. Kusini ya Malindi hali huwa ngumu zaidi: mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini hata msimu huo, unakutana na upepo ana kwa ana, na mawimbi yanakuwa mafupi na yenye kusimama. Wimbi moja likiinua tezi kutoka upande uliko boriti linatosha kuzungusha omo upande usioutaka.

Kwa hiyo mimi sisafiri upepo ukiwa nyuma moja kwa moja. Naulaza digrii 20 au 30 upande mmoja wa tezi, naenda hivyo masafa marefu, kisha nageuza kwa hiari yangu. Digrii 20 zinarefusha njia kwa asilimia 6 hivi. Digrii 30, kwa asilimia 15. Katika maili 100, zile 20 ni maili 6 na ushei, sawa na saa moja na robo kwa mwendo wa noti 5. Na sehemu kubwa ya muda huo inarudi, maana kwa pembe hiyo mashua hukimbia vizuri zaidi na kuyumba kidogo.

Tanga la mbele ndilo linalotoa habari mapema. Likiishiwa upepo na kunywea kwenye kivuli cha tanga kuu, umeshashuka mno, yaani umeuweka upepo nyuma kupita kiasi. Likitaka kuvuka upande wa pili, rekebisha papo hapo. Baada ya hapo ukingo wa nyuma wa tanga kuu hukunjika, boriti huinuka kidogo, demani hulegea. Demani ikilegea hakuna muda wa kuwaza, kwa hiyo nataka mkono ujue wenyewe: sukuma kana, mpini wa usukani, kuelekea boriti. Kama usukani ni wa gurudumu, zungusha kinyume, mbali na boriti.

Sasa kamba. Kizuizi kifungwe kwenye ncha ya boriti. Kipite nje ya waya zinazoshika mlingoti, kiende hadi kapi iliyoko omoni, kirudi nyuma hadi kwenye winchi karibu na mshika usukani. Nimeona wengi wakikifunga katikati ya boriti na kukishusha ubavuni kwa sababu ni rahisi kufika. Kwenye boriti ya mita 4, kamba iliyofungwa mita 1 kutoka mlingotini hubeba mara nne ya mzigo ambao ingebeba nchani, na boriti ikigusa maji mashua inapoyumba, hapo ndipo inapovunjika. Ncha ikiwa nje huifikii, kwa hiyo acha kipande cha kamba kimefungwa nchani muda wote na kulazwa chini ya boriti hadi karibu na mlingoti. Ukitaka kizuizi, unaunganisha hapo. Anayekwenda mbele kukitia apite upande wa joshi, unakotoka upepo.

Upepo ukilishika tanga kwa nyuma huku kizuizi kimekaza, mashua hulala ubavu na kubanwa hapo. Jaribu kwanza kurudisha upepo kwa usukani. Ikishindikana, legeza kizuizi polepole kikiwa kimezungushwa kwenye winchi, vidole mbali, watu wote wameinama.

Kugeuza kwa hiari ni kuvuta demani mpaka boriti ikae katikati, kupitisha tezi kwenye upepo taratibu, kisha kuiachia demani haraka. Upepo ukifika noti 25 na watu ni wawili tu, mimi nazunguka upande mwingine, napitisha omo kwenye upepo. Na usiku kaskazi ikikaza, nashusha tanga kuu lote na kwenda kwa tanga la mbele peke yake.