"Dokta, we nipime tu": kipimo cha saikolojia na vile watu wanavyokidhania

Wiki hii imetokea mara tatu na leo ni Alhamisi tu, nimeona niandike manake nimechoka kurudia. Mtu anaingia, anakaa, namuuliza kilichomleta, anajibu "dokta we nipime tu, majibu yatasema." Kwanza mi si dokta, ni mwanasaikolojia, ila hilo nilishaacha kubishana nalo, hapa Mtwara ukikaa kwenye chumba chenye meza na kalenda ukutani basi we ni dokta. Pili, majibu hayasemi yenyewe. Hayajawahi.

DHANA: Kuna kipimo kitaonyesha nina nini, mi nikae kimya tu

Hii ndo inayonikera kuliko zote kwahiyo nitakaa hapa.

Mzee mmoja mkulima wa korosho, wa huko juu Newala (nimebadilisha vitu viwili vitatu asijulikane), aliletwa na mwanae kwa sababu amekuwa mtu wa kukaa peke yake na chakula hali. Nikamwambia mzee wangu nina kipimo hapa tufanye, nikageuka kutoa fomu kwenye droo. Kuja kugeuka namkuta kanyoosha kidole cha pete juu ya meza tayari kuchomwa, na uso kaupeleka dirishani kama mtu anayeogopa sindano. Nikamwekea karatasi mbele. Akaitazama, akanitazama mimi. "Hiki ndo kipimo?"

Ndo hicho. Inaitwa PHQ-9, ni ya kupima sonona, yaani ule unyonge wa moyo usioisha, maswali 9, waliitunga kina Spitzer, Williams na Kroenke kule Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990 na sa hivi inatumika karibu dunia nzima, ya Kiswahili ipo. Inauliza wiki 2 zilizopita: ulikosa hamu ya kufanya vitu, ulilalaje, ulikulaje, ulichoka, ulijiona mtu asiyefaa, na la mwisho linauliza kama uliwaza bora ufe au ujidhuru. Kila swali unajibu hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku hizo, au karibu kila siku, na kila jibu lina namba yake kuanzia 0 hadi 3. Ukijumlisha mwisho ni 27. Ukifika 10 au zaidi nakaa vizuri kwenye kiti nianze kuchimba. Hapo ndo naanza, sijamaliza.

Mzee akajibu hapana kabisa, tisa mfululizo. Jumla sifuri. "Kwahiyo sina kitu?" Kwa namba hana. Akashukuru, akanyanyuka, akashika kitasa, halafu akasema kama anaongea na mlango, "ila usingizi ndo hivo tena, tangu mwaka ule wa jeshi."

Mtu wa huku hahitaji tafsiri. Mwaka wa jeshi ni 2018, minada ikasimama, serikali ikasema inanunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakaja kuzibeba. Kuna waliosubiri hela zao mpaka wakakonda. Sasa angalia, swali la tatu kwenye karatasi ni la usingizi na dakika kumi nyuma mzee kalijibu hapana kabisa. Hakudanganya kwa ubaya, aliona karatasi ina kalamu na namba akafikiri majibu yanaenda mahali, labda kwenye chama cha msingi cha ushirika, labda kwa mwenyekiti wa kijiji, nani ajue. Tukakaa tena chini, karatasi nikairudisha kwenye droo, tukaongea dakika arobaini. Kazi ilianzia pale.

Nimejiuliza sana hii imani inatoka wapi na nadhani si ujinga, watu wamezoeshwa. Ukienda zahanati na homa unachomwa kidole, unasubiri robo saa, mistari miwili una malaria, mstari mmoja huna, hamna mtu anayekuuliza habari za mkeo. Ukienda kwa mganga ndo kabisa, mganga hodari hakuulizi, anapiga ramli yake anakwambia umekuja kwa jambo la shamba na aliyekufanyia yuko jirani, we unabaki kutikisa kichwa. Mganga akianza kukuuliza maswali unaona huyu bado mwanafunzi. Halafu mnakuja kwangu nauliza mpaka marehemu bibi yako alifariki lini, lazima uone hapa hamna mtaalamu. Niliambiwa hivo kabisa na mama mmoja, "mbona unaniuliza mimi, si ndo nimekuja nikuulize wewe?" Mama, nakuuliza kwa sababu unayeishi kwenye hicho kichwa ni wewe.

Na neno lenyewe "kupima" limetuponza. Huku mtu akisema "nimeenda kupima" wote tunajua ni nini. Miaka ile vituo vya Angaza vya kupima UKIMWI vimejaa, maneno "ushauri nasaha" na "kupima" yalitembea pamoja kama pacha, mpaka leo mtu akionekana anatoka kwenye chumba cha ushauri nasaha mtaa mzima unamhesabia vidonge.

Kitu kingine, namba zile si maksi. Dada mmoja alipata 21, nikaona anatabasamu, 21 kwenye 27 shuleni si mchezo. Ilibidi nimweleze taratibu kwamba hapa anayepata nyingi ndo mwenye mzigo mkubwa. Akacheka, halafu akalia, na sikumzuia.

Damu je, haichukuliwi? Inaweza kuchukuliwa. Naweza kukurudisha kwa daktari aangalie wingi wa damu, sukari, tezi ya shingo, na kwa kinamama ujauzito, manake mtu mwenye upungufu wa damu naye anachoka, halali vizuri, hana hamu ya kitu, anafanana na mwenye sonona kabisa. Hapo tunaondoa magonjwa mengine njiani, sonona yenyewe haionekani kwenye damu. Na picha ya kichwa haipigi picha mawazo, naomba hii ieleweke, kuna mtu kauza mbuzi ili apigwe picha ya kichwa kwa ajili ya msongo wa mawazo.

Ushauri wangu kwa wanaoenda kujaza zile fomu popote pale: usijaze mbele ya ndugu, swali usiloelewa sema hujalielewa, na majibu yawe ya wiki 2 hizi hizi. Nimeona mtu huyo huyo akijaza mwezi wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, mfukoni hamna kitu na deni la pembejeo juu, akaja tena baada ya mnada hela imeingia, utadhani ni watu wawili. Ndo maana narudia kipimo kila baada ya vikao vichache, namba moja ya siku moja hainiambii sana.

DHANA: Mpime mtoto akili tujue kama ni mzito

Hii inakuja kila baada ya matokeo ya darasa la nne. Mzazi ana barua ya mwalimu mkononi na mtoto ameinamisha kichwa. Vipimo vya namna hiyo vipo, cha kwanza kilichotumika kweli kweli kilitoka Ufaransa mwaka 1905, walikitunga Binet na Simon, na lengo lao lilikuwa kutafuta watoto wanaohitaji msaada zaidi darasani, siyo kumbandika mtoto jina. Vya sasa wastani wake umewekwa 100, na wengi sana wanaangukia kati ya 85 na 115. Sasa hiyo 100 ni ya watoto gani? Ni ya watoto wa huko kilikotengenezwa. Mtoto wa Kitangari anayeongea Kimakonde nyumbani, Kiswahili cha shule, umuulize maana za maneno yaliyochaguliwa kwa ajili ya mtoto wa Chicago, halafu uandike amepata 70? Hata kile kipimo cha Mwingereza Raven cha 1938, cha michoro tu kisicho na maneno, mtoto ambaye hajawahi kushika kitabu cha picha anaanza nyuma. Mi nakitumia kwa uangalifu na siandiki namba peke yake kwenye ripoti, mzazi akitaka namba tu aondoke nayo simpi.

Na kabla ya yote, MACHO NA MASIKIO. Naandika kwa herufi kubwa makusudi. Mtoto wa miaka tisa nililetewa kama mzito, nikasimama nyuma yake nikamwita kwa sauti ya kawaida hakugeuka, nikaita tena hakugeuka. Sikio moja lilikuwa linatoa usaha tangu yuko chekechea. Kaa nyuma ya mwanao leo, mwite kwa sauti ndogo, ni bure. Uliza pia kama aliwahi kulazwa na malaria ya kupanda kichwani, au kama huwa anaduwaa ghafla katikati ya maneno halafu anarudi kama hamna kilichotokea, hiyo inaweza kuwa kifafa na kifafa kina dawa.

Mengine kwa haraka.

"Nimekuja unishauri niachane naye au nibaki." Hapana. Neno ushauri limewapoteza, wa kukwambia achana naye mbona unao wengi, kuna dada zako, kuna kungwi wako, kuna jirani anayesikia kila kitu ukutani. Kwangu tunaangalia kwa nini kila ukitaka kuamua unashikwa na tumbo.

"Huko wanaenda machizi, mwishowe utapelekwa Mirembe." Mirembe ni hospitali ya magonjwa ya akili, iko Dodoma, ni mbali na nauli unalipa wewe, hamna anayekupeleka kwa kukosa usingizi. Wengi ninaowaona asubuhi, mchana wako kazini.

"Nimekuja mara moja mbona sijapona?" Kikao ni kama dakika 50, kwa kawaida kila wiki, na mara nyingi vinakuwa sita, nane, kumi na mbili. Wengine baada ya kikao cha pili wanajisikia vibaya zaidi kwa siku kadhaa manake wamefunua kitu walichokifunika miaka. Usikimbie hapo, njoo uniambie.

"Niandikie vidonge basi." Siandiki, anaandika daktari, na dawa za sonona zinahitaji wiki 2 hadi 4, saa ingine zaidi, kabla hujaona kitu, siyo panado ile.

"Utaenda kunitangaza." Mji mdogo huu, nakuelewa. Siri yako inabaki kwangu, isipokuwa ukiwa unataka kujiua au kumuumiza mtu, au kuna mtoto anaumizwa, au mahakama imeniamuru, na haya nakwambia siku ya kwanza kabla hujafungua mdomo. Sasa kuna jambo linaniletea lawama. Tukikutana soko kuu au kwenye samaki kule feri, mi sikusalimii kwanza. Najua kwetu huko ni kukosa adabu na kuna wazee wameninunia, mmoja alinisema mpaka kwa mama mkwe wangu. Ila nikikusalimia aliye na wewe atauliza "unamjulia wapi huyu?" na hapo utatunga uongo. We ndo uanze. Ukinisalimia naitikia kwa moyo wote, ukipita kama hunioni naelewa.

Siku ukija njoo na dawa zako zote unazotumia, hata za miti shamba, zitie kwenye mfuko uje nazo, usinitajie rangi. Simu izime. Na huyo shemeji aliyekusindikiza atakaa benchi la nje, hata akisema yeye ndo anajua ugonjwa wako vizuri.