Farasi wa Wamennonite na maneno mengine ya mtaani

Jirani yangu hapa Nyalenda, mtaa wa Kisumu, aliniuliza kama ni kweli kwetu kanisani, sisi Wakristo Wamennonite, hatupandi gari wala kushika simu. Alikuwa ameona filamu ya watu wa Pennsylvania, wenye kofia pana na mikokoteni ya farasi. Wengi wa hao ni Waamishi, ndugu zetu waliojitenga mwaka 1693 wakimfuata Jakob Ammann, ingawa wapo Wamennonite wachache wanaoishi hivyo hadi leo. Sisi wa Kisumu tunakuja kwa boda na matatu, na habari ya nani amelazwa hospitalini hutufikia kwanza kwa simu.

Neno linaloniuma zaidi ni lile la "kanisa la wazungu." Ni kweli vuguvugu letu la kubatiza watu wazima lilianza Zurich, Uswisi, mwaka 1525, na jina limetoka kwa Menno Simons, padri wa Uholanzi aliyeacha upadri mwaka 1536. Wamishonari kutoka Marekani nao walifungua kazi Shirati, Tanganyika, mwaka 1934. Lakini Shirati ni pale pale ziwani, ng'ambo tu ya mpaka, na waumini wa huko walikuwa na wajomba na mashemeji upande huu. Hao ndio walioileta habari Nyanza, kwa Kijaluo cha nyumbani. Mwaka 1967 Zedekia Kisare akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa Wamennonite wa Tanganyika ya zamani. Leo Afrika ina Wamennonite wengi kuliko Ulaya, na kanisa lao kubwa kuliko yote duniani liko Ethiopia. Aprili 2018 wajumbe wa dunia nzima walikuja hapa hapa Kisumu. Sasa mgeni ni nani?

Kuhusu watoto kutobatizwa, wengine hudhani tunawaweka nje. Mtoto huletwa mbele, huombewa, kisha hupita mikononi mwa akina mama mpaka anarudi kwa mamake akiwa na harufu ya mafuta ya kila mtu. Ubatizo unamsubiri aombe mwenyewe akishajua anachoomba. Felix Manz, mmoja wa waanzilishi wetu wa Zurich, aliuawa kwa kuzamishwa katika mto Limmat mwaka 1527 kwa kushikilia jambo hilo, kwa hiyo hatulichukulii kuwa utaratibu mdogo.

Halafu kuna lile la uoga: kwamba sisi, kwa kuwa imani yetu hairuhusu kushika silaha, ni watu wa kukimbia. Watoto wetu wa shule ya Jumapili wanamjua Dirk Willems, mfungwa wa Uholanzi aliyetoroka mwaka 1569 akivuka barafu. Aliyemfukuza alipotumbukia majini, Dirk aligeuka akamvuta nje, kisha Dirk mwenyewe akakamatwa na kuchomwa moto. Mimi nilikielewa kisa hicho Januari 2008, mji ukiwaka kwa ghasia za baada ya uchaguzi. Mama mmoja wa kwetu alikuwa na wapangaji wawili ambao majina yao ya ukoo wiki ile yalitosha kumuua mtu. Aliwaficha chumba cha nyuma siku nne. Alipika omena usiku bila kuwasha taa, akawapitishia sahani dirishani, na vijana walipogonga akaketi mlangoni na kanga yake begani akawauliza mama zao wanaendeleaje. Aliwajua kwa majina. Waliondoka. Anayeita hilo uoga hajawahi kukaa kwenye mlango kama ule.

Lipo pia neno kwamba kanisa letu ni la Wajaluo na mgeni hukaa nyuma. Hapa sitatetea upesi, maana tumelistahili. Kwa miaka mingi mahubiri, matangazo na hata salamu za baada ya ibada, tukishika chai mkononi, vilikuwa Kijaluo kitupu. Dada mmoja Mluhya alikuja Jumapili nyingi, akaacha kuja, na hakuna aliyemwuliza kwa nini mpaka tulipokutana naye sokoni. Sasa mahubiri hutafsiriwa kwa Kiswahili, na mgeni hatuambii tu karibu, tunampa kazi: kumenya viazi, kupanga viti, kusoma somo.

Na siku ya meza ya Bwana hutawadhana miguu, wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume. Wanaotusikia kwa mbali hudhani ni mchezo wa kuigiza. Pasaka iliyopita muuza mboga wa Kibuye, aliyekuwa katika mwezi wake wa pili tu na sisi, aliketi akificha visigino vyake vilivyopasuka chini ya sketi. Mwalimu mkuu wa shule ya sekondari alipiga magoti mbele yake, akaushika mguu mmoja polepole kama mtu anayeshika yai, akauosha, akaufuta katikati ya vidole. Maji kwenye karai yalikuwa yamegeuka rangi ya udongo. Mwalimu akainuka kwenda kuyamwaga, na yule mama akamwambia, "Keti, nimwage mimi. Ni zamu yako sasa."