Eti mtoto mdogo haelewi msiba, mwambie bibi amesafiri?

Ile meseji ya "mtoto chini ya miaka saba hajui kifo, mwambieni bibi amesafiri, atasahau" imerudi tena kwenye magrupu. Naelewa inakotoka, maana unamwona mtoto analia dakika mbili halafu huyoo anakimbilia mpira nje ya turubai, unasema huyu hana habari. Anazo. Huzuni ya watoto huja vipande vipande, na mchezo ndo pumziko lao. Kweli wa miaka 3 au 4 hajashika kwamba aliyekufa harudi, wengi wanaanza kulielewa hilo kati ya miaka 5 na 7, ila pengo analiona: anaweza kuanza kukojoa kitandani, kung'ang'ania kanga ya mama, kuuliza swali lilelile mara kumi. Ukimwambia bibi amelala, usishangae akiogopa kulala. Mwambie tu bibi amekufa, mwili umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii njaa, na siyo kosa lako. Kucheki ni rahisi, muulize "unadhani bibi yuko wapi?" halafu nyamaza usikilize. Meseji hiyo ikikufikia usiisambaze jamani, ifute. Wangu aliuliza kama bibi huko kaburini anapata chai, nikamjibu hapana, akasema haya, akaendelea na andazi lake.