Je, wajua? Bakteria wa kifua kikuu walizidi ukali kwa kupoteza jeni

Ukiuliza kifua kikuu kilitoka wapi, wengi watakujibu kuwa binadamu alikipata kwa ng'ombe alipoanza kufuga, na kwamba tangu hapo bakteria wake wamekuwa wakijiongezea silaha kizazi hadi kizazi. Wanasayansi wenyewe waliamini habari ya ng'ombe kwa muda mrefu, tena si bila sababu: ng'ombe wana TB yao, na maziwa yasiyochemshwa huweza kumwambukiza mtu. Lakini vinasaba vinakanusha habari ya ng'ombe, na ile ya silaha vinaikanusha kwa kiasi kikubwa.

Mwaka 1998 watafiti wa Uingereza na Ufaransa walichapisha ramani nzima ya vinasaba vya Mycobacterium tuberculosis, yenye jeni karibu 4,000. Mwaka 2002 ulichapishwa ulinganisho kati yake na jamaa zake, akiwemo Mycobacterium bovis wa ng'ombe. Huyo wa ng'ombe alikutwa amepoteza vipande kadhaa vya DNA ambavyo wa binadamu bado anavyo.

Kwa nini upungufu huo una uzito? Chukua utenzi wa kale ulionakiliwa kwa mkono huko Lamu au Pate. Mnakili mmoja akiruka beti kumi, kila anayenakili kutoka kwake atazikosa beti hizohizo, na wanaowafuata pia. Herufi iliyokosewa huenda ikasahihishwa kwa bahati, lakini beti kumi nzima hazijirudishi; lazima mtu azifuate kwenye nakala nyingine. Bakteria wa aina nyingi hufanya hivyo kila siku, maana huazimana DNA. Wa kifua kikuu hawana desturi hiyo, ingawa jamaa yao Mycobacterium canettii, anayepatikana zaidi Djibouti, anayo. Kwa hiyo nakala pungufu haiwezi kuwa mzazi wa nakala kamili. Hii haisemi kwamba mfugaji fulani alimwambukiza ng'ombe wake. Inasema tu kwamba bakteria wa ng'ombe hawezi kuwa babu wa yule wa binadamu.

Sasa, kupoteza jeni kunapunguza ukali au kunauongeza? Inategemea kilichopotea, na hapa ndipo mambo yanapovutia.

Kuanzia 1908 hadi 1921, Albert Calmette na Camille Guérin, wakiwa Lille, Ufaransa, walimhamisha bakteria wa ng'ombe mara 230 kutoka chakula kimoja cha viazi, nyongo na gliserini hadi kingine. Njiani alipoteza kipande kinachoitwa RD1. Kipande hicho hubeba jeni za mtambo wa kutoa protini, ambao humsaidia bakteria kutoboa kifuko alimofungiwa na seli ya kinga iliyommeza. Bila mtambo huo alipoa, akawa chanjo ya BCG wanayopewa watoto wetu wachanga.

Kipande kingine, TbD1, kina hadithi tofauti kabisa. Koo (yaani nasaba) tatu za bakteria wa binadamu zilizoenea zaidi duniani, zikiwemo zile zinazojulikana sana Afrika Mashariki, zote zilitokana na babu mmoja aliyekipoteza. Utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa bakteria asiye na TbD1 anastahimili zaidi uhaba wa oksijeni na kemikali ambazo seli za kinga humrushia, na katika baadhi ya wanyama wa maabara aliwaumiza zaidi. Mapafu ya panya si ya mtu, basi hoja kwamba upungufu huo ndio uliozisambaza koo hizi inabaki kuwa hoja, japo nzito.

Ukali huu usichanganywe na usugu dhidi ya dawa. Badiliko la herufi moja katika jeni iitwayo rpoB linaweza kuifanya rifampisini, dawa ya TB, ishindwe, lakini mara nyingi hupunguza kasi ya bakteria kuzaana, hadi mabadiliko mengine yaje kufidia.

Mwaka huohuo wa 2020 ulitangazwa ukoo mpya, wa nane, kutoka kwa wagonjwa wawili tu, mmoja Rwanda na mwingine Uganda. Ukoo huo bado una cobF, jeni inayohusika na utengenezaji wa vitamini B12, ambayo koo nyingine zote za kifua kikuu zilishaipoteza. Ni wagonjwa wachache mno kujengea historia nzima, lakini ugunduzi huo unaipa nguvu hoja kwamba jamii yote ya bakteria hawa ilianzia upande wetu wa Afrika.