Kolini na kumbukumbu: kabla hujafungua kopo

Wengi wanaoniulizia vidonge vya kumbukumbu huja wameshapiga hesabu. Ubongo hutumia asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya neva, katika kujifunza na kukumbuka; asetilikolini hutengenezwa kwa kolini, kirutubisho cha kwenye chakula; basi nikimeza kolini nyingi nitakumbuka zaidi. Mimi ni mfamasia, na hesabu hiyo siicheki, maana watafiti nao waliwahi kuipiga. Kasoro yake iko katikati.

Kolini haimiminiki tu ubongoni kwa sababu imejaa kwenye damu. Hupitishwa na protini maalumu, tena kwa kiasi. Ikishafika kwenye ncha ya neva inakuta mlango mwingine, na huo mlango wa pili ndio hasa unaoamua asetilikolini itengenezwe kwa kasi gani. Kama mwili wako unayo ya kutosha, kuongeza nyingine ni kurundika matofali mbele ya fundi mmoja: rundo litakua, ukuta utapanda kwa kasi ileile. Mwaka 2016 vijana wenye afya walipewa gramu 2 hadi 2.5 za kolini bitatreti, yaani kolini iliyounganishwa na asidi, kisha wakapimwa kumbukumbu. Hawakuwashinda waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kwa wagonjwa wa Alzheimer ilijaribiwa lesithini, iliyo na kolini ndani yake, nayo haikuzaa matunda. Dawa iliyokuja kutumika, donepezili, haileti malighafi yoyote; inakizuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini ambayo tayari ipo.

Je, kolini haina kazi? Inayo, na kubwa. Ila ikipungua sana, wa kwanza kulalamika ni ini, linalojaa mafuta, pamoja na misuli. Hata viwango vilivyowekwa Marekani mwaka 1998, miligramu 550 kwa siku kwa mwanamume na 425 kwa mwanamke, vilipangwa kwa kuangalia usalama wa ini. Kumbukumbu haikuwa kipimo. Yai moja kubwa lina karibu miligramu 150, takriban zote kwenye kiini, kwa hiyo anayekula ute peke yake anaitupa.

Kundi ambalo silichukulii kwa wepesi ni wajawazito. Mtoto tumboni huivuta kolini ya mama kwa wingi, na vidonge vingi vya ujauzito vina kidogo mno au havina kabisa. Utafiti mmoja wa Marekani uliotolewa mwaka 2018 uliwapa wajawazito miligramu 480 au 930 kwa siku katika miezi mitatu ya mwisho. Watoto wa kundi la 930 walikuwa wepesi zaidi kuitikia picha walipopimwa katika mwaka wao wa kwanza. Kina mama wenyewe hawakufika hata 30, kwa hiyo nautaja kwa tahadhari, lakini nautaja.

Sasa kopo lenyewe. Namba kubwa iliyo mbele mara nyingi ni uzito wa kiambata kizima. Miligramu 500 za kolini bitatreti hukupa kolini kama 200 hivi. Miligramu 500 za sitikolini, kiambata kingine chenye kolini, hukupa takriban 100 tu, na bei yake kwa kawaida iko juu. Sitikolini imeonyesha nafuu ndogo katika baadhi ya majaribio ya wazee wenye usahaulifu, lakini jaribio kubwa la wagonjwa wa kiharusi wapatao 2,300, lililotolewa mwaka 2012, halikuona faida. Kikomo cha juu kwa mtu mzima ni miligramu 3,500 za kolini kwa siku; ukizidisha sana unaweza kupata jasho, kutapika, shinikizo la damu kushuka, na mwili kunuka samaki. Hilo la samaki si mzaha.

Kuna mama mmoja aliyekuja akitaka kopo kubwa kuliko yote. Nilimwomba kwanza anitajie kila anachomeza, hata kile kisichohitaji cheti cha daktari. Kila usiku, kwa muda mrefu, alikuwa akinywa difenihidramini, dawa ya zamani ya mzio, kwa sababu inamletea usingizi. Dawa hiyo huziba vipokezi vya asetilikolini, vilevile alivyotaka kuvilisha. Amitriptilini, ya sonona, na oksibutinini, ya kibofu, nazo huviziba. Kopo lilibaki kwenye rafu. Nilimwandikia barua ampelekee daktari wake kuhusu usingizi.