Ukiachwa Nyuma, Usikimbize: Dhana Potofu za Msafara wa Pikipiki

Kila ninapoongoza msafara wa siku moja kwenda kutazama pikipiki za zamani kwenye makumbusho, hata injini hazijawashwa, hakosi mtu wa kuniambia: "Usijali kiongozi, nikiachwa nitakimbiza niwafikie." Anasema kwa moyo mweupe, akidhani ananiondolea mzigo. Mimi hunyong'onyea, maana hiyo ndiyo kauli inayoangusha watu. Safari iliyopita nimeisikia kwa watu watatu, asubuhi moja.

"Kundi zuri haliachani, kwa hiyo anayeachwa afukuze."

Si kweli, na hii ndiyo dhana ninayoichukia kuliko zote. Msafara wa pikipiki lazima uvutike na kujikunja kama mpira, hata wote wakiwa mabingwa. Tuseme mko kumi na wawili, mmepishana kwa sekunde moja moja. Wa mwisho yuko sekunde 11 nyuma ya kiongozi, na kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa hizo ni kama mita 240. Kiongozi anatoka kwenye kona na kuvuta mafuta wakati wa mwisho hajaifikia hata hiyo kona. Kisha kila mmoja akichelewa kidogo kuvuta mafuta, ucheleweshaji wote unamwangukia aliye mkiani. Wa mbele wanaona mwendo ni wa kustarehe, wa nyuma wanaona wanakimbizwa, na hakuna aliyekosea.

Sasa piga hesabu ya kufukuza. Umeachwa kilomita moja na kundi linakwenda 80. Ukienda 100 utalifikia baada ya dakika 3 na kilomita 5. Ukienda 120, dakika moja na nusu, kilomita 3. Umeokoa dakika moja na nusu, lakini nguvu ambayo breki zako lazima ziimeze ili usimame imefika mara mbili na robo ya ile ya mwendo wa 80, kwa sababu nguvu hiyo hukua kwa mraba wa mwendo. Na unafanya hivyo kwenye barabara usiyoijua, ukiwa na hasira ya kuachwa.

Kuna mwendeshaji mmoja tuliyesimama naye kivulini kunywa maji baada ya kutufukuza hivyo. Alivua kofia, vidole vinamtetemeka hata kifuniko cha chupa kikamshinda. Niliinama nikatazama pikipiki yake: taili la nyuma limelika hadi ukingoni kabisa, na chuma cha kukanyagia mguu kimekwaruzwa na lami mpaka kinang'aa. Yaani kwenye kona aliilaza hadi mwisho, hakubakiza akiba yoyote. Nikamwuliza kama ameliona daraja tulilovuka muda si mrefu. Hakuliona. Alichokiona ni taa nyekundu ya mwenzake tu. Hapo ndipo penye hatari yenyewe, maana pikipiki huenda macho yanakotazama. Ukikodolea taa ya aliye mbele, akiikosea kona utaikosea pamoja naye.

Na kumbe hapakuwa na sababu ya kufukuza. Kiongozi akifika njia panda mnapotakiwa kukata, humwashiria mmoja wa walio karibu nyuma yake asimame mahali salama aonyeshe njia. Huyo anabaki hapo hadi mfunga msafara, yaani mwendeshaji wa mwisho kabisa, atokee, kisha anaingia mbele yake. Njia panda inayofuata anasimama mwingine. Kwa utaratibu huu hata ukiachwa robo saa hupotei, ilimradi aliyewekwa njia panda asiondoke. Nasisitiza: asiondoke, hata akidhani amesahauliwa.

Kuhusu nafasi, kwenye barabara iliyonyooka tunakaa zigizaga: sekunde moja kutoka kwa aliye upande wa pili, sekunde mbili kutoka kwa aliye mbele yako moja kwa moja. Kwa kilomita 80, sekunde mbili ni mita 44. Zikianza kona, vumbi au njia nyembamba, zigizaga inavunjwa na kila mtu anafuata mstari mmoja. Wanaong'ang'ania zigizaga kwenye kona ili picha ya video ipendeze huwa nawasimamisha.

"Mgeni akae nyuma asitusumbue."

Kinyume kabisa. Mgeni anakaa nyuma ya kiongozi, ambaye anamwona kwenye kioo na kupima mwendo kwa ajili yake. Mkiani mpira unavutika kuliko kwingine kote, na hapo anatakiwa mtu aliyekomaa.

"Kiongozi amelipita lori, basi njia ni nyeupe."

Ilikuwa nyeupe kwake, sekunde chache zilizopita. Kila mtu anatazama mwenyewe, anaamua mwenyewe. Na ukishalipita, endelea mbele uwaachie wenzako nafasi ya kuingia. Usifunge mafuta mbele ya pua ya lori.

"Tuwashe indiketa zote mbili ili tuonekane."

Mkishaziwasha, mtaonyesha vipi kwamba mnakata kushoto? Zizimeni.

"Tenki langu ni kubwa, hatuna haja ya kusimama."

Vituo vya msafara hupangwa kwa tenki dogo kuliko yote, na kwa mgongo uliochoka kuliko yote.

"Huko makumbusho kuna vyuma vya polepole tu."

Hii huwa naisikia kwa vijana wenye pikipiki mpya, na inaniuma kwa namna nyingine. Vincent Black Shadow ya mwaka 1948, injini ya sentimita za ujazo 998, ilikimbia kama kilomita 200 kwa saa, kwa breki za ngoma. Burt Munro wa New Zealand alichukua Indian Scout ya mwaka 1920, akaichokonoa kwa miaka mingi, na mwaka 1967 kule Bonneville, Marekani, ikapita kilomita 290 kwa saa. Kampuni ya Scott ya Uingereza ilipoza injini zake kwa maji kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. BMW R32 ya 1923 ilizungusha gurudumu kwa shafti, bila mnyororo.

Ukifika, usipite mbio ukitafuta ya kupiga nayo picha. Inama utazame chini. Kwenye pikipiki nyingi za Uingereza za kabla ya katikati ya miaka ya 1970 utakuta gia iko mguu wa kulia na breki ya nyuma mguu wa kushoto. Kwenye zile kongwe zaidi utaona pampu ndogo ya mkono kwenye tenki: mwendeshaji mwenyewe ndiye aliyesukuma oili iingie kwenye injini, huku akiendesha. Akisahau, injini inakwama. Hildebrand & Wolfmüller ya 1894, pikipiki ya kwanza kuundwa kwa ajili ya kuuzwa kwa wingi, haikuwa hata na klachi. Fimbo za pistoni ziliunganishwa na gurudumu la nyuma kama za garimoshi, hivyo ilibidi uisukume, iwake, uirukie. Wacha mikono mfukoni lakini. Jasho la vidole hula kromu.

"Kurudi ni rahisi, njia tunaijua."

Njia mnaijua, ila nyinyi si wale wa asubuhi. Mmesimama kwa muda wa saa tatu mkitazama pikipiki, mmeshiba, na jua la jioni linaweza kuwapiga usoni. Kwa hiyo pale maegeshoni nawakusanya tena, nakagua mataili na minyororo, napanga nafasi upya. Yule aliyesema asubuhi kwamba atakimbiza, namweka nyuma yangu.