Jicho Lisilouma Linavyopoteza Nuru Uzeeni: Maswali na Majibu

Wazee wengi, kuanzia Tukuyu hadi Kilolo, huenda hospitali jicho likiuma au likiwa jekundu. Upo ugonjwa wa macho wa uzeeni usiouma kabisa, kuchakaa kwa makula, yaani eneo dogo la nyuma ya jicho, na wengi huugundua wakiwa wamechelewa.

Mama yangu yupo Makete, ana miaka 70 na ushee. Anasema akikutazama anaona nguo zako ila uso umefutika. Si uzee tu huo?

Umri unachangia, ila msiishie hapo. Nyuma ya jicho kuna retina, utando unaopokea mwanga, na katikati yake kuna eneo dogo liitwalo makula. Hilo ndilo linalotuwezesha kusoma, kuchambua mchele na kutambua sura. Likichakaa, mzee anatembea vizuri uani kwa sababu pembeni anaona, lakini aliyesimama mbele yake hamtambui mpaka asikie sauti. Ndugu hudhani amewanunia, na inasikitisha mzee kulaumiwa kwa hilo. Mpelekeni apimwe. Huenda pia ni mtoto wa jicho, ugonjwa unaoongoza kwa kuleta upofu, na huo upasuaji unauondoa.

Nasikia mchochota nao unachangia ugonjwa huu. Unahusikaje?

Ukichomwa na mwiba, kidole huvimba, hupata joto, kisha hupona: huo ni mchochota, kinga ya mwili ikipambana. Kwenye makula mapambano ni ya chinichini na hayaishi. Seli zinazopokea mwanga hutoa mabaki kila siku, na safu ya seli iliyo chini yake huyasafisha. Umri ukienda, usafishaji unazorota, na mabaki ya mafuta na protini yanarundikana. Daktari akichungulia anaona vidoa vya manjano viitwavyo druseni.

Kinga huvichukulia kama adui. Protini za damu ziitwazo komplimenti, ambazo kazi yake ni kuangamiza vijidudu, hushambulia pale miaka nenda rudi, na seli za jirani zisizo na kosa huumia. Mwaka 2005 watafiti waligundua kwamba wenye badiliko fulani kwenye jeni ya CFH, inayotakiwa kuituliza komplimenti, wako kwenye hatari kubwa zaidi. Tangu hapo imekuwa vigumu kuuita ugonjwa huu uchakavu mtupu.

Kwa baadhi ya wagonjwa, mishipa mipya dhaifu ya damu huota chini ya retina na kuvuja. Hapo nuru inaweza kupotea ndani ya wiki chache.

Basi ninunue matone ya kutuliza mchochota duka la dawa?

Tafadhali usifanye hivyo. Matone ya steroidi kama deksamethasoni hayatibu makula, na yakitumika muda mrefu bila usimamizi hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Nuru iliyopotea kwa presha ya jicho hairudi. Maji ya majani ya kudondoshea nayo muyaache.

Tumpimeje nyumbani?

Chukua daftari la hesabu, lile la vyumba, weka nukta katikati ya ukurasa. Mzee avae miwani yake ya kusomea kama anayo, ashike daftari umbali wa kusomea, afunike jicho moja kwa kiganja na kukazia nukta. Kisha abadilishe. Mistari ikipinda, ikikatika au pakitokea doa, nendeni kliniki ya macho wiki hiyohiyo. Kufunika jicho moja ni lazima, maana jicho zima hulifidia bovu hata kwa miaka.

Moshi wa jikoni je?

Moshi unaojulikana wazi kuharibu makula ni wa sigara, na kuacha kunasaidia hata uzeeni. Moshi wa kuni, tunaokaa nao Juni na Julai baridi ya Njombe ikikaza, tafiti zimeuhusisha zaidi na mtoto wa jicho.

Na chakula?

Mnafu, mchicha, majani ya maboga, kiini cha yai na mahindi ya njano vina luteini na zeaksanthini, rangi ambazo makula huhifadhi. Mwili huzifyonza vizuri zikiliwa na mafuta, kwa hiyo parachichi la Rungwe kando ya mboga lina kazi. Vidonge maalumu vya vitamini na zinki hupunguza kasi kwa waliofikia hatua ya kati. Havizuii ugonjwa kuanza. Mvutaji asinywe vyenye betakarotini, kwani huongeza hatari ya saratani ya mapafu.

Tiba ipo?

Kwa mishipa inayovuja, ipo: sindano ndani ya jicho, mfano bevasizumabu, hurudiwa kila mwezi mwanzoni. Kwa aina kavu, yaani isiyo na mishipa inayovuja, ikiwa imekomaa, mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa mbili za kuizuia komplimenti. Zinapunguza kasi tu, hazirudishi nuru.

Anzieni kituo cha afya, ombeni rufaa ya hospitali ya mkoa au ya kanda pale Mbeya mjini. Watamdondoshea dawa ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa ataona ukungu, hivyo awe na msindikizaji. Mwenye kisukari aseme mapema, kwa sababu kisukari nacho huharibu retina na humtaka apimwe macho kila mwaka.